Ya Luhanga na Kofia

Kwetu Igowole, ukungu ukishuka mpaka kizingitini
bibi aliutazama kama anaudai:
"Huyu anatembeaga bila miguu,
na bado anafika kabla yetu."
Kisha ananigeukia mimi, niliyetumwa kuni tangu alfajiri:
"Wewe unayo miwili. Mwenzio hana hata mmoja."

Huyo ndiye Semfilinge, Mhehe wa Kalenga.
Babu, Anyosisye, alitoka Tukuyu kuchuma chai miezi sita,
akachuma na mke, akasahau kurudi.
Walikutania kwenye Kiswahili
kama watu wawili juu ya daraja la gogo,
kila mmoja kashika lugha yao kwa mkono mmoja
na mwenzake kwa mkono wa pili, asidondoke.
Hakuna aliyekuwa na r.
Nyumba nzima ilikuwa na r moja tu, ya mtangazaji,
na betri zikiisha hata hiyo tuliikosa:
"Ledio imekata loho."

Babu alijisifu: "Kwetu mvua haibishi hodi,
ina ufunguo wake."
Bibi, bila kuinua macho kwenye viazi:
"Ndiyo maana akili zenu hazijawahi kukauka."
"Gwe!" babu anasema, anacheka mpaka anakohoa,
na kikombe cha ulanzi kinamwagikia suruali.
Hapo tusicheke.
"Usimcheke mlevi," bibi anaonya, "mianzi bado inatoa."

Mjomba Tuntufye alipoongeza ugali mara ya nne
aliambiwa tumbo lake lina chumba cha wageni.
Mimi niliambiwa mdomo wangu ungekuwa jembe
tungeshalima mpaka Makambako.
Na Juni, saa kumi na moja asubuhi,
nyasi zimevaa chumvi ya barafu, mimi nataka kutoka na gauni jepesi:
"Baridi haina mjomba. Vaa."

Darasa la tano niliandika insha.
Nyumbani tunakulaga viazi. Bibi anasemaga. Babu anachekaga.
Mwalimu akazungushia kila "ga" wino mwekundu,
ukurasa ukawa kama una surua.
Nikampelekea bibi, nalia.
Hakujua kusoma. Akaugeuza juu, akaugeuza chini,
akauweka mbali na macho kama mtu anayepima kitenge.
"Amekupamba," akasema,
akaubandika ukutani kwa uji.

Kwa kina babu, ndaga ni asante.
Ndaga pia ni pole.
Siku tulipomzika bibi, babu alishika udongo muda mrefu,
tukadhani amesahau kuutupa.
Akasema, "Ndaga, Semfilinge,"
mara moja, kama anarudisha bakuli kwa jirani.
Shangazi zangu mpaka leo wanabishana ilikuwa ipi.

Ila kuna moja sijaipatia mwenyewe.
Chungu kikivunjika kabla hakijapikiwa,
bwana harusi akitoroka na posho ya kwaya,
ng'ombe akizaa usiku ule ule aliouzwa,
bibi alipiga paja: "Hii ni ya Luhanga na kofia."
Luhanga gani? Tuliuliza.
"Si yule wa kofia."
Kofia gani?
"Ya Luhanga. Nyie watoto wa siku hizi mnaulizaga mno."
Nimeuliza Kalenga, nimeuliza Mafinga stendi,
nimemuuliza mzee mmoja anayeitwa Luhanga,
akavua kofia yake, akaiangalia, akairudisha kichwani.

Jana tumekwama Kitonga, mimi na binti yangu,
lori la mbao limelala njiani kama limekodi chumba,
askari anaelekeza magari, lake mwenyewe halina mafuta.
Mtoto wa miaka saba, kidevu dirishani, akashusha pumzi:
"Mama, hii ni ya Luhanga na kofia."
Nikamuuliza, unajua maana yake?
Akanitazama kwa huruma.
"Si ndiyo hii."