Kifungu cha Kumi na Nne

Niliketi upande wa kuandika,
si upande wa kuuliza.
Maskati, chumba cha kamati:
nje jua linachoma lami,
ndani baridi ya kujitanda shali.

Wizara tano, walituambia zamani,
zina wahasibu mara tano, madereva mara tano,
zabuni tano za sabuni ileile.
Tuziunganishe. Nyumba moja, mlango mmoja,
Kituo cha Huduma za Pamoja.
Tutaokoa.

Mheshimiwa Hamdun wa Bidiya si msemaji.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kilemba,
akaiweka juu ya kifungu cha kumi na nne.
"Mmeokoa kiasi gani?"
Naibu Katibu akaonyesha mchoro,
nguzo za buluu zikishuka kama ngazi.
"Mchoro nimeuona. Nauliza riali."

Kimya.
Kumbukumbu rasmi hazina alama ya kimya.

Nikamkumbuka mama, Wadi Kabir,
mwaka wake wa kwanza tangu atoke Unguja:
nyumba tatu, tangi moja la maji darini.
Lori likija, wanachanga.
Daftari alishika mama, penseli imefungwa uzi,
na kila Alhamisi Bi Rayya wa chini,
shoga yake wa kufa na kuzikana,
alipanda kulikagua, mstari kwa mstari, baisa kwa baisa.
Mama hakununa.
Alimkatia mkate wa kumimina, akasema
mali bila daftari hupotea bila habari.

"Gharama za uratibu," Mheshimiwa anasoma,
"zimepita gharama za kinachoratibiwa.
Yaani tumenunua kamba
kwa bei ya kumshinda mbuzi?"
Mtu alicheka. Hicho nacho sikukiandika.

Mlango ukafunguka, akaingia Sivadasan na birika.
Kifungu cha kumi na nne ni yeye:
usafi, chai, kubeba mafaili,
riali mia na sitini kwa kichwa, kwenye karatasi.
Miaka sita tunasalimiana kwenye lifti.
Najua anachopokea.
Najua cha Machi hakijafika.
Alimmiminia Naibu kwanza,
na mkono haukutetemeka.

"Jibu litaletwa kwa maandishi."
"Lini?"
Kwa Kiarabu neno hilo ni herufi tatu.
Niliziandika polepole,
kama mama alivyoandika deni la jirani.

Kikao kikaahirishwa. Viti vikaburuzwa.
Sivadasan akarudi kukusanya vikombe,
akavihesabu kwa midomo, bila sauti,
akarudia kuvihesabu,
maana kikipungua kimoja
hukatwa yeye.