Kiroba cha Bluu

Nkuhungu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Upepo wa Agosti haujaamka,
na moshi, kwa kukosa wa kuubeba,
umelala mlangoni petu kama mbwa wa jirani.

Nauonja kabla sijauona:
pampasi, ndala, chupa za soda,
waya uliochomwa kutafuta shaba.
Mashuka niliyosahau kuanua yananuka tairi.
Ndani, kifua cha Nyemo kinapiga filimbi.
Miaka sita, na tayari anajua
kuhesabu pumzi za dawa: moja, zuia, mbili.

Nikajifunga kanga, nikavuka korongo,
maneno nimeyanoa tangu usiku.

Mama Chilongani alikuwa ameinama,
anachokoa moto kwa fito,
anakohoa kikohozi kilekile cha mwanangu.
"Gari la taka," akasema, sijafungua hata kinywa,
"tangu kabla ya Nanenane hatujaliona.
Na watu wanakuja kumwaga huku kwangu usiku.
Nifanyeje, nizile?"

Nikatazama chini.
Pembeni mwa jivu, hakijashika vizuri,
kiroba cha bluu
nilichompa kijana wa toroli pamoja na mia tano:
Kakitupe mbali.
Kimepasuka ubavuni. Kiatu cha Nyemo,
cha mguu wa kushoto,
kimeanza kutokwa machozi meusi.

Sikusema.
Nikarudi nyumbani kuchota maji.
Huku maji tunanunua, ndoo mia tatu.
Nilibeba mbili.