Nambari Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyeandika bei.
Kadi nyeupe, kalamu ya risasi,
kwa kuwa wino, kwa unyevu wa Langoni,
hutambaa usiku kama siafu.

Kazi thelathini na moja zilipita kwenye ungo.
Zilizokataliwa zilirudi kwao kwa punda,
zimefunikwa shuka kama wagonjwa.

Waamuzi walikuwa watatu.
Mmoja alipima kwa kidole gumba, jicho moja kalifumba.
Mmoja aliuliza kila kitu kimeundwa na nini.
Wa tatu alivua viatu, akaketi sakafuni,
akamtazama kunguru wa malapa mpaka chai yake ikapoa.

Mada ilikuwa Maumbile.
Basi mikoko ya nyaya, pweza wa vifuniko vya soda,
vilima vya Shela ndani ya fremu ya mvule:
elfu arobaini, usafiri juu yako.

Na nambari kumi na saba, pembeni, karibu na choo:
kibamba cha chokaa, upana wa sinia,
mkandaa mmoja uliochorwa kwa masizi ya taa.
Bunu Shekuwe, fundi wa kupiga lipu.
Tangu azaliwe hajachora kitu
ila mistari ya kuonyesha bomba litapita wapi.

Waamuzi waliandika: Haijakamilika.
Iingie, isipewe tuzo.
Elfu kumi na mbili, akasema Bunu. Nikaandika.

Siku ya tatu nilikuta unga sakafuni.
Nikadhani mchwa. Nikainua macho:
mkandaa ulikuwa umetoa maua.
Nywele nyeupe, nyembamba kuliko za mtoto mchanga,
zimechipua kwenye mizizi,
zikifuata njia ya maji yaliyopita
siku ile chokaa ilipokuwa mbichi.

Shura.

Hakuna mwanafunzi wa fundi asiyepigwa kofi kwa ajili yake:
mchanga wa ufuoni usipooshwa, ukaoshwa tena,
ukuta utatapika chumvi hadi wajukuu.
Bunu ana miaka ishirini kwenye kazi hiyo.
Mchanga wa kibamba kile hakuuosha hata mara moja.

Yule mwamuzi wa tatu alirudi siku ya tano, peke yake.
Alisimama, akasogea, akarudi nyuma.
Hii, aliniambia, siyo tuliyoihukumu.
Nikamwambia tuzo imekwisha kwenda kwa pweza.
Akacheka kidogo. Hakuvua viatu.

Kisha akaja bibi anayejenga Shela, na pesa taslimu,
na sharti moja tu: ipakwe vanishi, iache kukua.
Bunu alifuta mikono kwenye kikoi.
"Mimi nalianda tu. Munyu ndio umalizao.
Ukiuziba, nirudishia iwe langu."
Zipu ya mkoba ilifungwa polepole,
kila jino nikalisikia.

Siku ya kufunga nilibandika vitone vyekundu kumi na vinne.
Kumi na saba haikupata.
Nikamfuata Bunu mlangoni, nikaona haya,
nikamwomba anipe kwa mia tatu kila Ijumaa.
Alinitazama kama anayepima ukuta uliopinda.
Haya, akasema.

Sasa iko kwangu, juu ya mtungi.
Siku za unyevu huchanua. Jua likikaza, hupukutika.
Kila asubuhi nafagia chini yake,
na mama, kutoka jikoni, hauchoki ulimi:
mwana gani hulipia kitu kinachomwagika?

Nimefikisha elfu tano na mia saba.
Tawi la kushoto limekwenda, na nusu ya shina.
Mizizi ndiyo imenenepa, imekuwa pamba tupu.
Deni linapungua, picha inapungua,
sijui kipi kitaniishia kwanza.

Ijumaa Bunu huja baada ya swala.
Huhesabu noti, huinama karibu na kibamba,
hugusa, hulamba ncha ya kidole,
hutikisa kichwa.
"Bado," husema,
naye huvaa kofia yake, akaenda.