Lumbesa

Asubuhi ya Isongole, ukungu umekalia magunia
kama mnunuzi wa kwanza, asiyeuliza bei.
Mimi ni mpimaji. Nina mzani wa kuning'iniza,
jiwe la kilo ishirini lenye muhuri,
na daftari lililolowa pembeni.

Kabla ya viazi, napima jiwe.
Hapo ndipo kaka yangu Ambakisye hucheka.
Alisoma falsafa miaka mitatu seminarini,
akarudi na kikohozi na maswali.
"Jiwe lako nalo lilipimwa kwa jiwe gani?"
La Mbeya mjini.
"Na la mjini?"
La Dar es Salaam.
"Na hilo je?"
Shika kamba, nikamwambia, gunia linadondoka.

Tusajigwe ameleta gunia lililovishwa kilemba,
viazi vimepanda juu ya mdomo, vimeshonewa wavu.
Mnunuzi anasema: gunia moja.
Mzani unasema: mia na arobaini na mbili.
Tusajigwe hasemi. Mgongo wake ulishajua
tangu mteremkoni, gizani, kwenye tope.

Mshale hutetemeka kabla haujatulia.
Miaka yote nimeandika ulipotulia,
sikuwahi kuandika ulivyotetemeka.
"Basi umeandika nusu ya ulichokiona,"
alisema Ambakisye, akipuliza chai.
Nilimnunia siku mbili.
Siku ya tatu nikaandika:
mia na arobaini na mbili, ikizidi moja au ikipungua moja.

"Hujui kusoma mzani?" mnunuzi akafoka.
Najua. Ndiyo maana.

Saa nne ukungu ukainuka,
na Mlima Rungwe ukawa pale pale.
"Ulikuwepo," akauliza kaka, "tulipokuwa hatuuoni?"
Nikaanza kueleza: baridi inayoshuka kutoka huko,
maji ya kijito, ramani, vipimo vya watu watatu
wasiojuana, waliofika kwenye jibu moja.
Naye akaanza kueleza kwa nini hayo yote
bado si mlima.

Tusajigwe alikuwa akifungua wavu,
anatoa kiazi kimoja kimoja, anakirudisha kapuni,
mpaka mshale ukagusa mia, ukatetemeka, ukatulia.
Akatutazama sisi wasomi wawili.

"Na ile arobaini na mbili ya mwaka jana," akasema,
"na ya mwaka juzi, na ya mama yangu,
mlipokuwa hamjaiandika,
ilikuwepo?"

Ambakisye akafungua mdomo.
Mimi nikafungua daftari, kurasa za nyuma:
gunia moja. Gunia moja. Gunia moja.