Hesabu ya Mlinzi

Mwana wa dada yangu alikula rizki yake juu ya barafu
misimu kumi na mmoja, huko Uswidi ya kaskazini
ambako jua la Disemba, wasema,
huchungulia kama mgeni aliyekosea mlango.
Nami nimekula yangu papa hapa Liwatoni,
zamu ya usiku, kiwanda cha barafu,
mapande ya kilo ishirini na tano, ndoano mkononi.
Barazani Kuze hunicheka:
"Ukoo wenu mzima mwaishi kwa maji yaliyogoma."

Na kweli. Mamake, Mwanakombo, alipokuwa kigori
aliuza barafu za ukwaju dirishani,
vifuko vya shilingi mbili, fundo akilikaza kwa meno.
Ndivyo alivyompata yule injinia wa meli, mwekundu wa shingo:
alinunua saba kwa mpigo, tumbo likamkata,
kesho yake akarudi.

Mtoto wakamwita Is-haka. Kule wakaandika Isak.
Alipotimiza minne wakamvisha viatu vya visu
wakamsukuma ziwani.
Dada akanipigia simu akilia:
"Kaka, wamemweka juu ya maji!"

Mchezo wenyewe nilijifunza kwenye simu,
saa saba za usiku, mashine zikinguruma nyuma yangu,
picha ikikwama, ikiruka:
wanaume kumi na wawili, magongo, kigae cheusi cha mpira
usichokiona mpaka kimeshapita.
Namba arubaini na nne, beki.
Nilimjua kwa mgongo. Ni ule wa babu yake, mpagazi wa Kilindini,
wa kuuingia mzigo bega kwanza.

Barazani walikuwa na swali moja tu:
"Amefunga mangapi?"
Tisa.
"Msimu huu?"
Tangu aanze.
Wakanyamaza kwa adabu, kama waliopewa habari ya msiba.

Nilitaka kuwaambia (sikuwaambia, kahawa ilikuwa imeshapoa)
kwamba hesabu ya mlinzi ni ya yasiyotukia.
Nani aandikaye mabao yasiyofungwa?
Changu wangapi hawakuoza soko la samaki
kwa kuwa usiku mtu alibeba pande?
Hakuna daftari la hayo.

Meno mawili ya mbele, msimu wa tatu.
Kifundo cha mkono, wa tano.
Wa sita timu ikashuka daraja, na mshahara nao,
akauzwa mji mwingine, kisha mwingine,
dada akiyataja majina yake kama atafunaye kokoto.
Wa tisa, goti. Wa kumi, goti lile lile.
Wa kumi na mmoja alicheza mechi sita,
na ile ya mwisho hakuambiwa kuwa ni ya mwisho.
Aliambiwa kesho yake, ofisini,
na meneja aliyemzidi umri kwa miaka miwili.

Machi akaja kwetu. Taa ya ukumbini ilimpiga kipaji.
Meno ya bandia kayaacha kwenye bilauri,
"shikamoo" yake ikapuliza pengoni.

Usiku nikamchukua kazini.
Alichuchumaa kwa goti moja, jingine kalinyoosha kando kama gongo,
akaligonga pande kwa kidole, akatega sikio.
"Hii ina hewa ndani. Mumeigandisha haraka."
Miaka ishirini na sita niko pale,
msimamizi hajawahi kulijua hilo kwa sikio.

Nikamuuliza: Watamani nini cha huko?
Akafikiri. Kiswahili chake ni cha mamake, cha jikoni,
hakina maneno ya uwanjani.
"Asubuhi," akasema. "Wengine hawajaingia.
Iko kama sahani iliyooshwa.
Halafu mimi wa kwanza, naichora."

Lori la Mwanasiti likapiga honi.
Akainuka anisaidie, bingwa wa barafu,
akakanyaga sakafu yetu ya maji kwa ndara
akaenda chini mzimamzima kama gunia la sukari.

Nilimdaka shati. Shati likachanika.
Tulicheka hata bawabu akaja na kurunzi,
na Mwanasiti huko nje apiga kelele:
samaki wake hawaijui Uswidi wala goti la mtu,
barafu yatiririka, pakieni!

Tukapakia. Yeye, bega kwanza.