Kipengele cha Nne

Miaka kumi na sita niliandika zabuni moja:
"Chumvi. Tani mia tatu. Nyeupe, kavu, kwenye magunia."
Nilibadilisha mwaka tu, na sahihi ya meya.
Wazabuni wawili walewale, bei zikipishana kwa senti,
na kila theluji ilipoyeyuka
miti ya kando ya mto ilikuwa imekauka mizizi,
vyuma vya daraja vikimenyuka kama kiazi cha kuchemsha.

Safari hii nilikaa na karatasi tupu hadi chai ikapoa.
Nikafuta chumvi. Nikafuta tani. Nikaandika:
"Saa kumi na mbili alfajiri, Bi Skaidrīte,
mwenye miaka themanini na mmoja,
avuke daraja kwenda kununua mkate, asianguke."

Ojārs, mwanasheria wetu, akavua miwani.
"Hii si zabuni, Vizma. Hii ni dua."
Dua haina bajeti, nikamwambia. Soma kipengele cha nne:
euro elfu arobaini za kujaribia,
na atakayejaribu kwa haki akashindwa, hatozwi faini.

Zikaja bahasha tano. Moja ilinuka maziwa.
Gundars na dada yake Dzidra, wa kiwanda cha jibini,
walikuwa wakilipia kumwaga maji ya chumvi
yaliyokwisha kulowekea jibini.
Wakauliza: je, tukiyamwaga darajani?

Usiku wa kwanza bomba liliziba.
Wa pili barafu iliachia, na mbwa wa mji mzima
wakaja kulamba daraja. Picha ikatoka gazetini.

Mkaguzi akaja kutoka Riga na koti refu, swali fupi:
kwa nini hukununua kinachojulikana?

Sikuwa na jibu la kutia kwenye jedwali.
Nikampeleka mtoni, nikashika kichwa cha msumari wa daraja,
nikakifikicha kwa vidole, kikawa unga.
Hiki ndicho kinachojulikana, nikasema.
Huu ndio urahisi wetu ulio ghali.
Akaandika kitu. Hakunionyesha.

Januari imebakiza siku tisa.
Maji ya jibini yanajua baridi hadi nyuzi kumi na tano chini ya sifuri;
zaidi ya hapo hayajui kitu. Dzidra bado anachanganya, anaonja, anamwaga.
Nami naamka gizani, nasimama nyuma ya pazia.
Taa ya Skaidrīte inawaka. Mlango. Kikapu.
Nahesabu hatua zake, ubao kwa ubao,
kama ninayefungua bahasha ya mwisho.