Rangi Ilitoka Wapi

Zamu ya usiku, juu ya jangwa la Atacama
ambako mvua ni hadithi ya bibi,
Rosalba Colque kavaa soksi jozi mbili
na anahesabu nyekundu.

Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Katikati ya shada
galaksi zimebanana kama punje za komamanga,
kongwe zote, zote zimeacha kuzaa nyota.
Buluu ziko pembezoni,
moja hapa, moja kule, mikono yao ikizunguka,
zingali na gesi baridi ya kufinyangia kesho.

Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Sawa.
Lakini, anaandika ukingoni mwa daftari,
waliruka pamoja kwa kuwa rangi yao moja,
au rangi iliwapata hukohuko, wakiruka?

Kwenye skrini ipo moja iliyochelewa.
Inaingia shadani kwa kasi, peke yake,
na humo hamna utupu: mna ukungu wa moto
ambao jicho halioni.
Kadiri inavyokimbia ndivyo ukungu unavyokuwa upepo,
na upepo unaivua gesi yake, uzi baada ya uzi,
hata inaburuta mikia kama yavuyavu.
Mkiani nyota chache zinawaka,
watoto waliozaliwa njiani,
nje ya nyumba ambayo haitazaa tena.
Hakuna aliyeichukia.
Imeingia mahali, basi.

Saa tisa anapasha chai ya majani ya koka.
Kaka yake Wilfredo alishuka mgodini Calama
na zumari, na kicheko cha kukera.
Juzi alipopiga simu bwenini
hakujua ni yupi kati yao aliyepokea:
sauti zote zilikuwa moja, kavu, zenye vumbi la shaba.
Mama hakwenda popote. Yuko Peine na vijaruba vyake vya kwinoa,
na mabomba yanavuta maji chini ya miguu yake
usiku na mchana.

Kwenye fomu, safu ya sababu ina visanduku viwili:
asili; mahali.
Rosalba anainua kalamu, anaishusha.
Anaandika tu: iliyo nzito hung'ang'ania zaidi.

Halafu anatoka nje kutazama mawingu, kama kanuni inavyotaka.
Mawingu hakuna.
Upepo wa alfajiri unaudaka mtandio wake,
sufi ya llama, kazi ya mama,
naye anaushika kwa mikono miwili.